Makochi Yaliyolala Chali

Mwaka ule mtu akiingia karakana yetu kwa mara ya kwanza, alikuwa anauliza kama tunahama. Makochi yalilala chali kila kona, miguu juu, matumbo wazi, springi zote nje, na hakuna hata moja lililokuwa limefungwa. Mimi nilikaa karibu na mlango nyuma ya cherehani yangu. Kazi yangu ni kushona vitambaa vya kuyavalisha. Kazi yangu ya pili, ambayo hakuna aliyeniajiri kuifanya, ilikuwa kuwadanganya wateja. Leo sponji haijafika, kesho gundi haijakauka, keshokutwa fundi anaumwa mgongo. Wateja si wajinga. Kochi lililobakiza kitambaa cheusi cha chini na misumari kiganja kimoja halihitaji kungoja sponji yoyote, na wao walikuwa wanaliona kwa macho yao.

Fundi mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu. Mtaa mzima unamwita Shahidi, na jina hilo hakupewa bure. Katika ufundi wa makochi, wizi wote uko ndani. Mteja anaona kitambaa, anabonyeza mto kidogo, anasifu rangi, analipa. Kama chini yake kuna mikanda mipya ya kubeba springi iliyovutwa ikakaza, au kuna maboksi ya sabuni yaliyokunjwa, atakuja kujua baada ya mwaka, na fundi mjanja kwa wakati huo ameshabadilisha namba ya simu. Shemeji alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kupigilia kitambaa cha mwisho, anasimama, anaweka kiganja juu ya fremu, anasema kwa sauti: "Shahidi yupo." Maana yake Mungu ameshaona kilichomo, haya sasa tufunge. Kisha nyundo. Tangu nianze kufanya naye kazi sikuwahi kumwona akilifunga kochi bila maneno hayo, na watu wa ibada yetu walikuwa hawapeleki kochi kwa fundi mwingine hata wakipewa punguzo.

Kisha dada yangu akafariki. Aliugua kwa muda mfupi tu, na habari hiyo sitaisimulia.

Shemeji aliacha ibada. Hakugombana na mtu, hakutukana, hakuhamia kwingine. Siku moja ya ibada alivaa shati, akafunga vifungo vyote, akakaa kitandani, akavifungua kimoja kimoja. Nilimwona kwa sababu nilikuwa nimekuja kumpitia. Nikaenda peke yangu nikiwa nimenuna njia nzima, sijui namnunia yeye au namnunia Mungu.

Karakanani mambo yalikuwa hivi. Kochi alikuwa analitengeneza vizuri mpaka hatua ya mwisho. Anaweka kiganja, anafungua mdomo, maneno hayatoki. Anasimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Kisha anaondoka, anaanza lingine. Ndiyo maana yalijaa.

Siku moja uvumilivu ulinishinda.

"Shemeji, funga tu hayo makochi. Nyundo haina dini."

"Siwezi kusema shahidi yupo wakati sijui kama yupo."

"Basi usiseme. Piga kimya kimya."

"Na nisiposema, ni nani atakayenizuia?"

Nikamwelewa, na nilipomwelewa nikaogopa. Mtu yeyote wa ibada yetu anaujua ushuhuda wa shemeji, maana aliutoa mara nyingi hata watoto walikuwa wanamalizia sentensi zake. Alikuwa fundi kijana, mjanja, anajaza makochi kwa maboksi na magunia yaliyooza. Kisha akampenda dada yangu, baba yetu akakataa kumwoza binti kwa mtu asiye wa imani yetu, kijana akaingia kwenye imani, akaoa, na tangu siku hiyo Mungu akaushika mkono wake. Ushuhuda mzuri, ulitoa watu machozi. Lakini sasa alikuwa ameugeuza nyuma mbele. Kama ni imani iliyoufanya mkono uwe mwaminifu, na imani imeondoka, basi mwizi yuko njiani anarudi.

"Juzi nilikuwa navuta mikanda," aliniambia, "nikawaza, huu wa pembeni nikiuacha, nani atajua? Nimewaza hivyo, shemeji. Mkono wangu naujua mimi. Mwisho wa mwezi nakabidhi funguo za karakana kabla sijamwibia mtu."

Nilitaka kumpiga kwa mkasi. Mimi nakula kutoka karakana hiyo hiyo. Lakini zaidi ya tumbo langu, niliona kwamba akiondoka pale atakwenda kukaa kwenye kile kitanda, avifunge vifungo na kuvifungua, mpaka tumzike yeye pia. Nikampigia simu binti yao.

Nasema binti yao, lakini mama yake na mimi tumezaliwa tumbo moja, kwa hiyo ni mwanangu na hana ruhusa ya kubisha. Yuko chuo kikuu. Anachosomea kina jina refu ambalo nikilitamka ananirekebisha, hivyo nimeacha kulitamka. Kwa kifupi anachunguza namna akili ya mtu inavyofanya kazi, hasa pale dini inapokutana na jasho na mfuko. Alikuwa tayari amepanga kuja kuwahoji watu wa ibada yetu, kwa sababu tuna sifa ya uchapakazi. Kiongozi wetu hupenda kusema kwamba mvivu akiingia mlangoni mwetu hutoka anatafuta jembe.

Alipofika alianza na mimi, tena kabla hajamaliza kumsalimia baba yake. Aliniuliza kuhusu Mungu, taratibu. Nikajibu vizuri sana: yuko kila mahali, anajua yote, anafanya yote kwa wakati mmoja, hachoki. Akashukuru. Kisha akanisimulia kisa harakaharaka. Mwanamke amekwama kwenye lifti, anaomba. Wakati uleule, mji mwingine, breki za lori zimekatika, dereva naye anaomba. Lori likasimama salama, lifti ikafunguka baadaye. "Haraka, mama mdogo, kwa nini lifti ilichelewa?"

"Si alikuwa bado anashughulika na breki?"

Akacheka mpaka akashika meza. Hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Mungu wangu asiyechoka, aliye kila mahali, nilikuwa nimempanga foleni kama karani wa dirishani.

"Ulinikimbiza," nikamwambia kwa hasira.

"Ndiyo, na kazi zetu nyingi tunazifanya tukiwa tumekimbizwa. Usikasirike, mama mdogo, karibu wote wanajibu hivyo. Hata kiongozi wenu."

Hilo lilinipa nafuu kubwa.

Jioni tulikaa watatu katikati ya makochi yaliyolala chali, akatueleza. Wasomi wa zamani, alisema, waliwatazama watu wa dini fulani wanaofanya kazi sana na kutumia kidogo, wakasema siri ni mafundisho. Mtu akifundishwa kwamba kazi yake ni wito na Mungu anaipima, atafanya kazi kama anaabudu, na mali itamfuata. Huenda kuna ukweli hapo. Lakini yeye swali lake lilikuwa dogo. Mafundisho yanatoka kitabuni yanafikaje mkononi? Kwa sababu akili ikiwa na haraka haifungui kitabu. Inashika kilicho karibu: mazoea, aibu, sura ya mtu inayemjua.

"Kwa hiyo, baba, mimi siamini kwamba imani ilikuja siku moja ikakubadilisha mkono, na siamini kwamba ikiondoka inaondoka nao."

"Wewe hukuwepo," shemeji akasema. "Mimi nilikuwa mwizi."

"Labda ulikuwa fundi wa kawaida tu. Ushuhuda ukisimuliwa sana unanenepa. Kumbukumbu zetu zinapenda kuwa na kabla na baada, hata pale ambapo hapakuwa na mpaka."

Shemeji anampenda mtoto huyu kupita kiasi, na nadhani alikuwa anatafuta namna ya kumkatisha tamaa bila kumuumiza.

"Lile kochi la Bibi Mkunga," akasema mwishowe. "Lile nililitengeneza kabla ya imani. Bado analo. Twende kesho nilifumue mbele yako, uone baba yako alikuwa mtu gani."

Bibi Mkunga ni mkunga mstaafu, nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, na anaishi kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye mapazia ya maua na televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba inaona baridi. Kochi lenyewe lilikuwa jekundu lililofifia, limeegemea ukuta chini ya dirisha. Alitutazama tulivyoingia: mzee na mfuko wake wa vifaa, binti na kinasa sauti, mimi na midomo yangu mikavu.

"Mmekuja watatu. Nani anajifungua?"

Shemeji alimwamkia, akamweleza kwamba anaomba kulifumua kochi na kulirudisha likiwa jipya, bure. Bibi akamtazama kwa namna ambayo wakati ule sikuielewa. Akasema haya, akahamia kwenye kiti cha mbao.

Tukaligeuza. Shemeji akapiga magoti, akaanza kung'oa misumari. Kitambaa cha chini kilipotoka, vumbi lilituruka usoni, na tulipomaliza kukohoa tukaona. Maboksi. Yalikuwa yamekunjwa na kushindiliwa, moja bado lina picha ya sabuni ya kufulia. Mikanda ilikuwa michache, tena imelegea, pembeni hakuna kabisa, na pale ilipotakiwa kuwepo sponji palikuwa na magunia yaliyoliwa na panya.

Shemeji alikaa sakafuni. "Umeona, mama?" akamwambia binti yake, maana amezoea kumwita mama. "Huyo ndiye mimi bila Mungu."

Binti alikuwa amekizima kinasa sauti. Nilimwonea huruma yeye, nikamwonea huruma baba yake, na mwishowe nikajionea huruma mwenyewe, kwa sababu nilijua funguo ni kama zimeshakabidhiwa. Nikainama nikakishika kitambaa chekundu, ili tu nisiwaangalie usoni. Nikakigeuza upande wa ndani.

Mshono ulikuwa umerudiwa kwenye kona, mara mbili, kisha uzi umezungushwa ukafichwa chini ya pindo. Mama yetu ndiye aliyeshona hivyo. Alitufundisha sisi wawili tu, kwa makofi.

"Shemeji, huu mshono ni wa dada."

"Haiwezekani."

"Kona hii naijua kama vidole vyangu. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa shule. Ni wa dada. Na baba yetu asingemruhusu dada kushika hata sindano ya karakana yako kabla ya ndoa. Unamkumbuka baba yetu."

Anamkumbuka. Mtu yeyote aliyekutana naye anamkumbuka.

"Anasema kweli," Bibi Mkunga akasema kutoka kwenye kiti chake. "Kochi hili uliniletea ukiwa bwana harusi mpya, mashavu yamekunenepa kwa raha. Na kulifunga ulilifungia hapa hapa, mbele yangu. Ukaweka mkono, ukasema lile neno lako la shahidi. Kwa sauti kubwa! Nikadhani kuna mtu unamwita barabarani."

"Nilisema?"

"Ulisema. Kisha ukafungia maboksi."

Nilimwona shemeji anajaribu kuupanga upya ule ushuhuda kichwani, anautafutia mahali pa kulisimamisha kochi hili, na hapati. Alikuwa ndani ya imani wakati ule, imani mbichi kabisa, anaomba kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Alimwita Mungu aone. Na akaiba.

Binti yake akamsogelea, akakaa naye sakafuni. "Baba, unaona? Siyo..."

Akamzuia kwa mkono. "Ngoja. Basi niliacha kuiba lini?" Aliuliza kama mtu aliyeamka mahali asipopajua. "Kwa sababu niliacha. Hilo ni kweli, niliacha. Lini?"

Bibi Mkunga alipumua kwa nguvu. Akajiweka sawa kwenye kiti.

"Mimi niliombwa nisiseme mpaka mwenyewe aseme. Sasa mwenyewe hawezi tena kusema, kwa hiyo nitasema mimi. Mkeo alikuja hapa akiwa na mimba ya huyu. Nikamlaza kwenye kochi hilo nimpime. Alipojigeuza, akasikia kitu kinakwaruza. Akaingiza mkono kwa chini, akatoa kipande cha boksi. Alikaa amekishika muda mrefu. Kisha akaniomba radhi kama yeye ndiye mwizi, akataka kunibadilishia kochi. Nikakataa, nilikuwa nimeshalizoea, na mgongo wangu hauna makuu. Nikamwambia, nenda kamkaripie mumeo. Akasema hapana. Nikimkaripia, akasema, atajificha vizuri zaidi. Acha nimsifie."

Lilikuwa neno la dada yangu kabisa. Alikuwa na ujanja wa namna hiyo tangu utotoni.

"Na alikusifia," Bibi akaendelea. "Sokoni, kwenye ibada, kisimani penye maneno ya wanawake, popote. Mume wangu hawezi kuficha takataka ndani ya kochi la mtu, hata umpe nini. Mimi nilikuwa namsikia huku namjua, nakunywa chai yangu kimya."

Shemeji alikuwa ameufunika uso kwa viganja. Alipozungumza, sauti ilitokea katikati ya vidole.

"Alisema mbele ya baba yenu. Tulikuwa tumekaa tunakula. Akasema, baba, makochi ya mume wangu yatakaliwa na wajukuu wa wateja. Mzee akanitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniongezea chakula kwa mkono wake. Mimi nilikuwa na kochi karakanani, tayari kufungwa, limejaa maboksi. Chakula hakikupita. Nilirudi nikalifumua. Nikasema nitalitengeneza hili moja tu, ili asije akaumbuka. Halafu akasifia tena." Akashusha viganja. "Nilidhani hajui. Miaka yote hiyo nilikuwa nakimbizana na sifa za mwanamke nikidhani hajui."

Akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, mtu mzima mwenye mvi, kichwa amekilaza kwenye fremu. Kwenye mazishi hakulia hata tone, alikuwa anapanga viti. Binti yake alimshika mgongo. Mimi nililia kwa sababu yangu mwenyewe, kwa sababu dada hakuniambia hata mimi, na nilimwonea wivu Bibi Mkunga, tena wivu mkali.

"Usinilowanishie kitambaa," Bibi akasema baadaye, lakini kwa upole.

Nilitumwa karakana kuleta mikanda, springi na sponji. Niliporudi, binti alikuwa anatoa maboksi nje na baba yake ameshasafisha fremu. Alifanya kazi kama siku zake za zamani, ametoa ulimi kidogo pembeni ya mdomo. Mikanda ya pembeni aliivuta mpaka mbao zikalia. Binti alimwangalia kwa muda mrefu, kisha akaninong'oneza kwamba utafiti wake umeharibika au umeanza, hajui. Wasomi wa zamani walitafuta fundisho. Yeye alikuwa anatafuta mazoea ya akili. Na hapa palikuwa na mama yake, amekaa mezani na baba mkwe, anasema uongo kwa makusudi.

Nikamwambia aandike kwamba Mungu ndiye aliyemtumia dada yangu. Akasema anaweza kuandika kwamba mimi naamini hivyo. Hatujaelewana mpaka leo, na kila akija tunalirudia jambo hilo toka chai mpaka vyombo vioshwe.

Ikafika zamu ya kitambaa cheusi. Shemeji alikilaza, akakinyoosha kwa viganja, akachukua nyundo. Akasimama. Sote tulijua pale ndipo anapokwama, hata Bibi alikuwa ameacha kupepea. Aliweka mkono kwenye fremu. Nikaona kwamba kama angeondoka pale safari hii, asingelirudia tena kochi lolote maishani mwake.

"Mke wangu," akasema polepole, "sasa ni kweli."

Akaanza kupigilia.